Carlisle 1912: Vijana waliowatikisa vigogo wa soka ya Marekani, faida wakavuna wengine

WAPENZI wa michezo nchini Marekani wanapozitaja timu zilizowahi kuvitikisa vyuo vikuu vya nchi hiyo, jina la Carlisle halikosekani. Jambo la kushangaza ni kwamba Carlisle haikuwa chuo kikuu. Ilikuwa shule ya bweni ya serikali katika mji mdogo wa jimbo la Pennsylvania, iliyoanzishwa kwa lengo la kuwafanya watoto wa wenyeji wa asili wa Marekani waisahau asili yao.

Mwaka 1912 timu ya shule hiyo ilicheza michezo 14. Ilishinda 12, ikatoka sare mmoja na kupoteza mmoja. Ilijikusanyia pointi 504 na kuruhusu 114 tu. Miongoni mwa walioadhiriwa ilikuwamo timu ya chuo cha kijeshi cha West Point, ambako jeshi la Marekani linawafunza maofisa wake.

Hata hivyo, miezi miwili tu baada ya msimu huo kumalizika, nahodha wa timu alianza kuandamwa hadi akanyang'anywa medali zake za Olimpiki. Miaka miwili haikupita kabla Bunge la Marekani halijaanza kuichunguza shule hiyo, na ilipofika mwaka 1918 milango yake ilifungwa moja kwa moja. Ili kuelewa jinsi ushindi mkubwa namna hiyo ulivyoambatana na anguko la haraka kiasi hicho, hatuna budi kuanza na shule yenyewe.

Shule ya kufuta asili

Carlisle ilianzishwa mwaka 1879 na ofisa wa jeshi aliyeitwa Richard Henry Pratt, ndani ya kambi ya zamani ya kijeshi. Wakati huo vita kati ya serikali ya Marekani na makabila ya wenyeji vilikuwa vikielekea ukingoni, na makabila mengi yalikuwa yamekwisha kusukumwa katika maeneo yaliyotengwa. Pratt aliamini kwamba njia ya kuwaokoa watoto wa makabila hayo ilikuwa kuwatenganisha na wazazi wao na kuwalea kama Wazungu.

Watoto waliofikishwa hapo kwa treni kutoka mbali walikatwa nywele, wakavishwa sare za kijeshi, wakapewa majina mapya na kukatazwa kusema lugha za mama zao. Nusu ya siku walisoma darasani, na nusu nyingine walifanya kazi za ufundi, kilimo na za nyumbani. Wengi waliugua, na baadhi yao hawakurudi tena kwao. Zaidi ya wanafunzi 180 walizikwa katika makaburi ya shule hiyo.

Wenyeji hao waliitwa na Wazungu "Wahindi", jina lililotokana na kosa la Christopher Columbus aliyedhani kuwa amefika India. Msomaji atakumbuka kuwa hata katika Kiswahili wamezoeleka kuitwa Wahindi Wekundu. Wenyewe ni mataifa mengi yenye lugha na mila mbalimbali, na wanafunzi wa Carlisle walitoka katika makumi ya mataifa hayo.

Pratt hakuupenda mchezo wa soka ya Kimarekani hapo mwanzo. Mwanafunzi mmoja alipovunjika mguu, alipiga marufuku michezo dhidi ya timu za nje. Vijana walimwendea na kumbembeleza mpaka akakubali, kwa sharti kwamba wasijibu ngumi kwa ngumi, na kwamba baada ya miaka michache waweze kuzishinda timu bora za nchi. Sharti la pili walilitimiza kuliko alivyotarajia.

Mchezo uliokuwa ukiua

Soka inayozungumzwa hapa siyo kandanda ya kupiga mpira kwa mguu. Ni mchezo wa watu 11 kwa kila upande unaofanana zaidi na raga, ambamo mpira wenye umbo la yai hubebwa mikononi na mbebaji huangushwa kwa nguvu. Mchezaji anayeufikisha mpira nyuma ya mstari wa mwisho wa wapinzani amefunga tachidauni, na timu yake hupata nafasi ya kuongeza pointi moja kwa mkwaju. Mkwaju unaopita katikati ya milingoti wakati mchezo ukiendelea huzaa pointi tatu.

Mwanzoni mwa karne ya 20 mchezo huo ulikuwa wa hatari. Wachezaji walishikana mikono na kusukumana kwa pamoja kama kundi la nyati, na mwaka 1905 magazeti yaliripoti vifo vya wachezaji 18 katika viwanja mbalimbali vya nchi. Rais Theodore Roosevelt aliwaita Ikulu wawakilishi wa vyuo vya Harvard, Yale na Princeton ili watafute dawa. Mwaka 1906 kanuni zilibadilishwa, na kwa mara ya kwanza mchezaji akaruhusiwa kuurusha mpira mbele kwa mkono.

Mabadiliko hayo yaliinufaisha Carlisle kuliko timu nyingi. Vijana wake walikuwa wepesi wa maumbo kuliko wale wa vyuo vikubwa, na kocha wao, Glenn Warner, maarufu kwa jina la "Pop", alikuwa mtu wa hila nyingi za mchezo. Wakati wengine wakiendelea kutegemea misuli, Carlisle ilitumia kasi, pasi ndefu na mbinu za kumpoteza adui lengo. Mwaka 1907 iliichapa Pennsylvania pointi 26 kwa 6, na mwaka 1911 iliishinda Harvard 18 kwa 15.

Mwaka 1912 kanuni zilibadilishwa tena. Uwanja ulifupishwa kutoka yadi 110 hadi 100, timu ikapewa majaribio manne badala ya matatu ya kusogea yadi 10, thamani ya tachidauni ikapanda kutoka pointi tano hadi sita, na kikomo cha umbali wa pasi kikaondolewa. Kwa timu iliyotegemea mbio, huo ulikuwa mlango uliofunguliwa wazi.

Safari ya majuma kumi

Nahodha wa msimu huo alikuwa Jim Thorpe, kijana wa taifa la Sac and Fox kutoka Oklahoma. Julai mwaka huohuo, katika Michezo ya Olimpiki ya Stockholm, Thorpe alikuwa ameshinda medali mbili za dhahabu, moja katika mashindano ya michezo mitano na nyingine katika yale ya michezo kumi. Mwanafunzi mwenzake, Louis Tewanima wa taifa la Hopi, alipata medali ya fedha katika mbio za mita 10,000.

Thorpe hakuwa peke yake. Aliyeongoza mashambulizi uwanjani alikuwa Gus Welch, kijana wa taifa la Ojibwe mwenye akili nyepesi. Pembeni yake walikuwapo Alex Arcasa na Powell, na katika mstari wa mbele alisimama Joe Guyon, aliyekuja baadaye kuwa miongoni mwa wachezaji wakubwa wa kulipwa.

Msimu ulianza Septemba 21 kwa ushindi wa 50 kwa 7 dhidi ya Albright. Katika muda usiotimia wiki mbili, Lebanon Valley ilifungwa 45 kwa 0, Dickinson 34 kwa 0 na Villanova 65 kwa 0. Washington and Jefferson pekee ndiyo iliyoweza kuwabana, Oktoba 5, kwa sare ya bila kufungana. Juma lililofuata walilipiza kisasi kwa Syracuse, timu pekee iliyowafunga mwaka 1911, kwa kuichapa 33 kwa 0. Kisha wakaishinda Pittsburgh 45 kwa 8.

Jumamosi ya Oktoba 26 Carlisle ilikuwa mjini Washington ikicheza na Georgetown, na ikashinda 34 kwa 20. Jumatatu, siku mbili tu baadaye, vijana haohao walikuwa Toronto nchini Kanada. Huko walicheza kipindi kimoja kwa kanuni za Kimarekani na kingine kwa kanuni za raga ya Kanada, wakashinda 49 kwa 1. Pointi hiyo moja ya wenyeji ilitokana na kanuni za Kanada, ambazo humpa mpigaji pointi moja mkwaju wake unapowanasa wapinzani ndani ya eneo lao la mwisho.

Ratiba ya namna hiyo haikuwa bahati mbaya. Baada ya michezo ya mwanzo, Carlisle ilicheza ugenini karibu msimu mzima. Uwanja wa nyumbani ulikuwa mdogo na mji wenyewe haukuwa na watazamaji wengi. Fedha zilikuwa katika miji mikubwa, ambako maelfu ya watu walilipa kiingilio ili wawaone "Wahindi", na Carlisle ilipata mgawo wa mapato hayo. Ndiyo kusema, shule iliyokusudia kuifuta asili ya vijana hao ilikuwa ikiiuza asili hiyohiyo mlangoni.

Siku ya West Point

Mchezo uliosubiriwa kuliko yote ulikuwa wa Novemba 9, mwaka 1912, dhidi ya West Point. Wakati huo ilikuwa imepita miaka isiyozidi 22 tangu wanajeshi wa Marekani walipowaua mamia ya watu wa taifa la Lakota, wakiwamo wanawake na watoto, huko Wounded Knee. Wachezaji wa Carlisle walikuwa watoto na wajukuu wa kizazi kilichopigana na jeshi hilo, na sasa walikuwa wakikabiliana na maofisa wake wa kesho. Hapakuhitajika hotuba ndefu kuwaeleza maana ya siku hiyo.

Wanahistoria wa mchezo huo wanaeleza kuwa Warner alitumia siku hiyo mpangilio mpya, ambao uliwaweka wakimbiaji wawili karibu na pande mbili za mstari wa mbele. Mpinzani hakuweza kujua kama mpira ungekwenda kushoto, kulia au hewani. West Point ilitangulia kufunga, lakini hadi mapumziko Carlisle ilikuwa mbele kwa 7 dhidi ya 6.

Kipindi cha pili kilikuwa cha upande mmoja. Nahodha wa West Point, Leland Devore, jitu la miraba minne lililokuwa likishindwa kumzuia Guyon, alishindwa pia kuzuia hasira zake, akamvamia mpinzani wake na kutolewa uwanjani na mwamuzi. Arcasa alifunga tachidauni tatu, na Thorpe aliwapita walinzi kama maji yapitavyo vidoleni. Mchezo uliisha kwa 27 dhidi ya 6.

Miongoni mwa wanafunzi wa kijeshi waliokabidhiwa kazi ya kumwangusha Thorpe alikuwamo kijana aliyeitwa Dwight Eisenhower. Aliumia katika jitihada hizo, na wiki moja baadaye aliumia vibaya goti katika mchezo dhidi ya Tufts, hivyo safari yake ya soka ikakoma. Baadaye aliongoza majeshi ya washirika barani Ulaya katika Vita Kuu ya Pili, na mwaka 1953 akawa Rais wa Marekani. Hata akiwa mtu mashuhuri aliendelea kumtaja Thorpe kwa heshima kubwa.

Kipigo kimoja, na siku ya theluji

Juma moja baada ya kilele hicho, wachezaji waliochoka waliteremka Philadelphia na kufungwa na Pennsylvania 34 kwa 26. Hicho ndicho kipigo pekee cha msimu mzima. Novemba 23 walikutana na chuo cha YMCA cha Springfield, kilekile ambako James Naismith alibuni mchezo wa mpira wa kikapu mwaka 1891. Walishinda kwa taabu, 30 kwa 24, na pointi zote 30 zilifungwa na Thorpe.

Walimaliza kazi Novemba 28 katika mji wa Providence, wakaifunga Brown 32 kwa 0 huku theluji ikianguka. Kwa hesabu iliyozoeleka, Thorpe peke yake alifunga tachidauni 25 na pointi 198 katika msimu huo. Hakukuwa na fainali wala kombe la taifa siku hizo, na Harvard, ambayo haikupoteza mchezo hata mmoja, ndiyo inayotajwa na wengi kuwa bora wa mwaka huo. Lakini hakuna timu iliyosafiri na kucheza kama Carlisle.

Nani alivuna?

Hapa ndipo linapokuja swali la msingi. Fedha za viingilio ziliingia katika mfuko wa michezo uliosimamiwa na uongozi wa shule, na kocha Warner alikuwa na sauti kubwa juu ya matumizi yake. Mfuko huo ulilipa mshahara wake na kugharimia majengo, safari na matangazo. Wachezaji nao walipewa chochote: katika miaka fulani fedha taslimu, katika miaka mingine nguo na mikopo katika maduka ya mji.

Kwa maneno mengine, Carlisle iliendesha biashara ya michezo huku ikijiita timu ya ridhaa. Jambo hilo halikuwa geni, maana vyuo vikubwa navyo vilikuwa na hila zake. Tofauti ilionekana pale siri ilipofichuka, kwani mzigo wote ulitupwa juu ya mabega ya kijana mmoja.

Mwezi Januari 1913, gazeti moja la mji wa Worcester liliandika kwamba Thorpe alikuwa amelipwa kucheza besiboli katika ligi ndogo za North Carolina. Ilikuwa kweli. Katika majira ya joto ya 1909 na 1910 alicheza huko kwa malipo madogo, kama walivyofanya wanafunzi wengi wa vyuo. Wengine walitumia majina ya bandia. Thorpe alitumia jina lake halisi.

Uongozi wa michezo ya ridhaa nchini Marekani ulipouliza, ulipelekewa barua yenye saini ya Thorpe, akikiri na kuomba radhi kwa maelezo kuwa hakujua kuwa alitenda kosa. Wengi wanaamini kuwa Warner ndiye aliyeiandaa. Warner na mkuu wa shule, Moses Friedman, walidai kuwa hawakuwa na habari. Wanahistoria wengi wanaona ugumu kulikubali dai hilo, kwa kuwa kutoonekana shuleni kwa mwanamichezo wao bora kati ya 1909 na 1911 halikuwa jambo la kupita bila kuulizwa.

Thorpe alinyang'anywa medali zake mbili na jina lake likafutwa katika kumbukumbu. Kanuni za michezo ya Stockholm zilitaka pingamizi lolote liwasilishwe ndani ya siku 30, na muda huo ulikuwa umepita kitambo. Hakuna aliyesimama kulisema hilo kwa niaba yake. Wahenga walisema, punda afe mzigo wa bwana ufike.

Vijana wafungua midomo

Wanafunzi wa Carlisle hawakunyamaza. Zaidi ya 200 kati yao walitia saini malalamiko kuhusu uendeshaji wa shule, na Gus Welch, aliyeongoza mashambulizi dhidi ya West Point, alikuwa mstari wa mbele katika jambo hilo. Mwaka 1914 kamati ya Bunge la Marekani ilifika shuleni na kusikiliza ushahidi kuhusu chakula kibovu, adhabu za viboko, lugha chafu za kocha na matumizi ya mfuko wa michezo.

Friedman aliondolewa. Warner aliondoka, na mwaka 1915 akawa kocha wa Pittsburgh, ambako sifa zake ziliendelea kupaa. Hadi leo mashindano makubwa ya soka ya watoto nchini Marekani yanaitwa kwa jina lake. Carlisle haikurudia tena kiwango cha 1912, na mwaka 1918 shule ilifungwa na majengo yake yakarudishwa kwa jeshi.

Thorpe alicheza besiboli ya ligi kuu kuanzia 1913, na soka ya kulipwa kuanzia 1915. Mwaka 1920 alichaguliwa kuwa rais wa kwanza wa chama kilichokuja kuitwa NFL, ligi ambayo leo ni miongoni mwa zenye fedha nyingi kuliko zote duniani. Yeye mwenyewe alizeeka katika shida. Alifariki Machi 28, 1953, miezi miwili baada ya Eisenhower kuapishwa kuwa rais.

Mwaka 1982 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilikubali kulirejesha jina lake, lakini kama mshindi mwenza. Ilipofika Julai 15, 2022, miaka 110 kamili tangu aliposhinda michezo kumi, ndipo ilipomtambua kuwa mshindi pekee wa mashindano yote mawili.

Shule nayo imeendelea kudaiwa. Tangu mwaka 2017 jeshi la Marekani limekuwa likifukua mabaki ya watoto waliozikwa Carlisle na kuyarudisha kwa jamaa zao. Oktoba 2024 Rais Joe Biden aliomba radhi rasmi kwa niaba ya nchi kutokana na mfumo wa shule hizo za bweni, na Desemba ya mwaka huohuo akaitangaza Carlisle kuwa eneo la kumbukumbu ya taifa.

Ipo sababu, basi, ya msimu wa 1912 kuendelea kusimuliwa. Vijana wale walicheza kwa niaba ya nchi ambayo wengi wao haikuwahesabu kuwa raia wake. Sheria ya kuwapa uraia wenyeji wote wa asili ilipitishwa mwaka 1924 tu, miaka 12 baada ya wao kuishinda West Point. Waliambiwa kuwa ili wathaminiwe, lazima waache kuwa walivyo. Wakaingia uwanjani wakiwa vilevile walivyo, wakashinda michezo 12 kati ya 14.